Kasoro na Mahali Pake: Kulisoma Tangazo la Kirikuu Stockholm

Swali la kwanza la mhakiki ni nani anasema, na anamwambia nani. Katika ushairi swali hilo hutupa burudani. Katika ununuzi wa gari lililotumika hutuokolea fedha. Mswahili anayeishi Stockholm akitaka kigari cha mizigo cha Kijapani, kiwe cha kubebea vyombo vya biashara ya chakula hukuhuku au cha kumnunulia ndugu aliyeko Mbagala, hupitia maandishi mengi kabla hajashika usukani. Kuna karatasi ya mnada iliyojazwa Japani. Kuna tangazo la Mswidi anayeuza gari lililoegeshwa uani kwake. Na kuna tangazo la nyumbani, lile linaloingia kwenye simu kutoka Dar es Salaam likiwa na rundo la picha na namba ya dalali. Yote yanazungumzia vitu vya aina moja, bati, injini na matairi, lakini kila moja lina fani yake, nami nadai kwamba fani hiyo hutoboa ukweli mapema kuliko maneno. Andiko linaloionyesha kasoro pale ilipo lina uzito kuliko andiko linaloipamba kwa vivumishi.

Tuanze na gari, maana nalo lina arudhi. Sheria ya Japani imekiwekea kigari hiki mipaka kama mizani ya shairi: tangu 1998 urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, kimo mita 2.00. Injini isizidi sentimita za ujazo 660, kiwango cha mwaka 1990 kilichofuata 550 za mwaka 1976 na 360 za kabla ya hapo. Mzigo mwisho kilo 350. Nguvu za farasi 64 ni maafikiano ya watengenezaji wenyewe. Ndani ya mipaka hiyo kila kiwanda kimetunga kivyake: Daihatsu walitoa Hijet mwaka 1960, Suzuki wakaja na Carry na Subaru na Sambar mwaka 1961. Sambar iliweka injini nyuma kabisa, na ikabaki hivyo mpaka Subaru walipoacha kuitengeneza wenyewe mwaka 2012. Carry nyingi zimeiweka chini ya viti, na dereva wa Dar anayepita Kariakoo mchana wa Februari anaijua tofauti hiyo kwa mapaja yake.

Watanzania waliibatiza Carry jina la kirikuu, kwa yule mtoto mdogo mwenye mbio katika filamu ya katuni ya Michel Ocelot ya mwaka 1998. Waswidi nao walikuwa na kigari cha posta kilichotengenezwa Kalmar kati ya 1969 na 1971, rasmi kikiitwa KVD 440. Watu wakakiita Tjorven, jina la mtoto wa kike katika tamthilia ya televisheni ya Astrid Lindgren ya mwaka 1964. Sijaona mtu aliyeziweka habari hizi mbili pamoja, na sina la kuongeza juu yake ila kwamba nimefurahi kuziona. Tjorven ilikuwa na usukani kulia, ili mtu wa posta afikie masanduku ya barua bila kushuka garini. Tutarudi kwenye usukani.

Sasa karatasi ya mnada. Minada ya magari ya Japani ni ya wafanyabiashara. Mtu wa nje hununua kupitia wakala. Kampuni kubwa katika biashara hiyo, USS, ilianzishwa mwaka 1980, na kila gari linalopita katika minada ya namna hii huambatana na ukurasa mmoja. Mwaka umeandikwa kwa enzi ya mfalme: H8 ni mwaka wa 8 wa Heisei, yaani 1996. Jina la modeli ni rundo la herufi na tarakimu: DD51T ni Carry ya miaka ya tisini yenye magurudumu manne yanayovuta, DA63T ni ile iliyoanza 2002. Herufi ya mwisho ndiyo inayotenga ukoo: T ni ya bodi la wazi, V ni ya gari lililofunikwa, kama ilivyo DA64V. Mtu akiisoma DA64V haraka akaidhani DA63T, ataletewa gari lenye paa wakati alitaka la kupakia matofali.

Ukitazama vizuri, ukurasa huu una wasemaji wawili. Kuna kisanduku cha sifa ambacho hujazwa kwa niaba ya muuzaji: tairi mpya, mmiliki mmoja, redio. Kisha kuna sehemu ya mkaguzi, mwajiriwa wa nyumba ya mnada, ambaye halipwi zaidi gari likiuzwa ghali. Sauti hizo mbili hazijibizani, lakini zimewekwa jirani makusudi, na msomaji ameachiwa kazi ya kuzipatanisha. Muuzaji anasema tairi ni mpya. Mkaguzi, sentimita chache pembeni, anasema sakafu ina kutu. Hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Nimesoma tamthilia zenye majibizano mengi na mvutano mdogo kuliko huo.

Mchoro ndio kilele cha andiko hili. Gari limefunuliwa na kulazwa bapa: boneti juu, paa katikati, ubavu wa kushoto na wa kulia umetandazwa kila upande. Juu ya mchoro huo mkaguzi huandika herufi pale hasa kasoro ilipo. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama kwamba bati limewahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi hupanda kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya. Hakuna kitenzi wala kivumishi. Hata hivyo, W2 kwenye mlango wa kushoto ni kisa kamili: gari liligongwa au liligonga, likapelekwa kwa fundi, na mkono wa fundi unaonekana. Ukikuta XX kwenye bawa la mbele na W kwenye nguzo iliyo nyuma yake, umeshapata sura ya pili ya kisa hichohicho, na sasa unajua kwamba pigo lilipita bati likafika mifupani. Mkaguzi hakutamka ajali. Ameweka alama mbili kwenye ramani, msomaji akaiona njia inayoziunganisha.

Ustadi wa fani hii uko katika mahali. Kutu ni neno linaloweza kumaanisha doa la kufuta kwa kidole au tundu la kupitisha ngumi. S1 kwenye ukingo wa bodi la mizigo ni jambo la kawaida kwa kigari kilichobeba majembe. C2 kwenye kizingiti cha mlango ni jambo jingine kabisa. Kwa mnunuzi wa Stockholm herufi hizi mbili ndizo za kusomwa kwanza. Huko Hokkaido barabara hunyunyiziwa kemikali za kuyeyusha theluji, na Stockholm humwagwa chumvi kila majira ya baridi. Gari lililoanza kuliwa kule litaendelea kuliwa huku. Na ndugu wa Mbagala asijidanganye, upepo wa bahari nao una chumvi yake.

Udhaifu wa karatasi hii uko kwenye kona yake ya juu, katika kisanduku cha daraja. Humo gari zima hupewa tarakimu moja: 5, 4.5, 4, 3.5, 3 na kushuka, au R kwa lililopata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi yake, A hadi D. Daraja ni muhtasari, na kama kila muhtasari humpa msomaji ruhusa ya kuacha kusoma. Kirikuu mbili zenye 3.5 zinaweza kuwa na visa viwili visivyofanana: moja imekwaruzwa pande zote na haina kutu, nyingine inang'aa huku kizingiti kikimomonyoka. Zaidi ya hayo, kila nyumba ya mnada ina mkono wake wa kutoa daraja. Mhakiki anayetoa nyota tano kwa riwaya bila kusema kwa nini hafanyi tofauti na kisanduku hiki.

Kuna kimya pia. Mkaguzi ana muda mfupi na magari mengi. Huwasha injini, husogeza gari, husikiliza. Hafungui sanduku la gia wala hapandi nalo kilima likiwa na shehena. Kuhusu bati karatasi ina ufasaha mkubwa. Kuhusu vinavyozunguka ndani ya chuma ina maneno machache. Hilo si kosa la mwandishi, ni mpaka wa utanzu wake, na msomaji asiyeujua mpaka huo ndiye atakayeshangaa baadaye.

Tuhamie Uswidi. Nimetunga mfano huu kutokana na namna watu wa huku wanavyoandika, bila kunakili tangazo la mtu yeyote: "Suzuki Carry 1996. Gia tano, magurudumu manne yanavuta, usukani kulia. Imepita ukaguzi mwezi Mei bila dosari. Kutu kwenye kizingiti cha kushoto na pembe ya bodi, tazama picha. Gia ya pili ni ngumu asubuhi ya baridi. Hita inafanya kazi ila si kwa nguvu. Inauzwa ilivyo."

Msomaji aliyetoka Afrika Mashariki hushtuka mara ya kwanza. Muuzaji gani anayejichongea hivi? Wengine huishia kusema Waswidi ni wakweli kwa asili. Sikubali. Tangazo hili limeandikwa chini ya kivuli cha sheria, na ukiijua sheria, fani yake inaeleweka. Sheria ya Uuzaji ya mwaka 1990, ambayo husimamia mauzo kati ya mtu na mtu, inasema katika kifungu cha 19 kwamba hata kitu kikiuzwa kwa sharti la "kilivyo", bado kinahesabiwa kuwa na kasoro ikiwa hakilingani na maelezo ya muuzaji, au ikiwa muuzaji alificha jambo kubwa alilolijua, au ikiwa hali yake ni mbaya kupita kiasi ambacho mnunuzi angetarajia kwa bei ile. Kifungu cha 20 kinageuza upande: mnunuzi hawezi kulalamikia jambo alilolijua wakati wa kununua, wala kwa kawaida lile ambalo angeligundua kama angekagua alipokaribishwa kukagua.

Sasa rudi kwenye tangazo. Sentensi ya mwisho, "inauzwa ilivyo", inajifanya ngao ya muuzaji. Kumbe ngao yake ni zile sentensi tatu zilizotangulia. Kizingiti kilichotajwa hakiwezi kulalamikiwa tena. Gia ya pili iliyotajwa imetoka mikononi mwa muuzaji ikaingia mikononi mwa mnunuzi kabla fedha hazijalipwa. Ungamo ni kinga, na kadiri linavyotaja mahali ndivyo kinga inavyokuwa imara. "Kutu kidogo" humlinda muuzaji kidogo; "kutu kwenye kizingiti cha kushoto" humlinda sana. Kwa njia nyingine kabisa Mswidi amefika palepale alipofika mkaguzi wa Japani: kwenye ramani ya mwili wa gari. Mmoja alisukumwa na ajira yake, mwingine na hofu ya kudaiwa.

Ila ungamo lina hila yake. Msimulizi anayekiri madogo kwa undani hutuzoesha kumwamini, na imani hiyo ndiyo inayotupitisha pale aliponyamaza. Katika mfano wangu hakuna neno lolote juu ya uvungu. Kizingiti kimetajwa kwa sababu kinaonekana kwenye picha. Kilicho nyuma ya kizingiti hakionekani wala hakitajwi. Huyu si mwongo, na huenda hajawahi kulala chali chini ya gari lake. Lakini msomaji anatakiwa kupiga mstari chini ya kimya kama anavyopiga chini ya maneno.

Ufupi wa tangazo la Uswidi una sababu nyingine, nayo ni bamba la namba. Tangu 1973 bamba lina herufi tatu na tarakimu tatu, ingawa tangu 2019 alama ya mwisho inaweza kuwa herufi. Bamba lenyewe halisemi mkoa wala mwaka. Ila yeyote akiliingiza kwenye kumbukumbu za Transportstyrelsen, mamlaka ya usafirishaji, anapata habari za gari: aina yake, ukaguzi wake wa mwisho, kama limepigwa marufuku kutembea, kama lina kodi isiyolipwa, kodi ambayo inaweza kumzuia hata mmiliki mpya kulitumia. Tangazo linaweza kuwa mistari saba kwa sababu nyuma yake kuna kitabu kizima kilicho wazi kwa kila mtu. Muuzaji anayefuta bamba kwenye picha amekata uzi unaounganisha andiko lake na kitabu hicho. Aweza kuwa na sababu nzuri, aulizwe.

Kirikuu iliyotoka moja kwa moja Japani haina kurasa katika kitabu hicho. Lazima kwanza mamlaka ihakiki asili yake, kwa hati ya usafirishaji iliyotolewa Japani na namba ya chesisi, kabla ya ukaguzi wa usajili. Wanaofanya kazi ya kulinganisha miswada ya tenzi za kale wangejihisi nyumbani: je, nakala hii ndiyo ile inayotajwa, na kuna mkono wa mtu uliobadilisha herufi? Gari jipya lisilo na kibali cha Ulaya hukutana na vikwazo vigumu zaidi. La miaka 30 au zaidi halilipiwi kodi ya gari ya kila mwaka, na ndiyo maana Carry za miaka ya tisini, zile za injini ya 660, zimeanza kutazamwa kwa jicho jipya. Usisahau ushuru wa forodha, na VAT ya Uswidi ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 25. Bei ya mnadani ni sentensi ya kwanza tu.

Na usukani? Uswidi iliendesha upande wa kushoto mpaka 3 Septemba 1967, siku nchi nzima ilipohamia kulia. Kioja ni kwamba hata kabla ya siku hiyo magari mengi ya Waswidi yalikuwa na usukani kushoto, upande wa ukingo wa barabara, pale anapokaa leo dereva wa kirikuu ndani ya Stockholm. Katika matangazo, "usukani kulia" huwekwa mwanzoni, pamoja na gia na magurudumu, kama kipimo. Sioni vibaya: ni kasoro kwa anayetaka kupita lori kwenye barabara kuu ya E4, ni faida kwa anayegawa vifurushi, na mwandishi amekiacha kipimo bila kukihukumu. Taa za mbele tu ndizo zisizo na mjadala. Lazima ziwe za kumulika kwa barabara za kulia.

Tangazo la nyumbani ni la utanzu mwingine. "Chuma hicho, Suzuki Carry namba D, injini haijaguswa, bodi safi, haina kipengele, ni kuwasha na kuondoka. Milioni tisa, maongezi yapo. Njoo na fundi wako." Huu nao ni mfano niliouunda. Mhakiki mvivu atasema ni uongo mtupu wa madalali. Lakini hili ni jigambo, na jigambo halipimwi kwa mizani ya hati. Lina mapigo, lina takriri ya sifa, limetungwa lisikike hata likisomwa kimya. Herufi ya namba inaeleza takribani gari lilisajiliwa Tanzania lini, haielezi liliundwa lini, na msomaji mzoefu analijua hilo. "Maongezi yapo" inakiri kwamba bei iliyotajwa si bei. Kisha linakuja lile tamko la mwisho, ambalo kwangu ni la maana kuliko yote yaliyolitangulia: njoo na fundi wako. Andiko linajitangaza kuwa pungufu. Linasema ukweli hauko humu ndani, uko uani, chini ya gari, kwenye mkono wa mtu unayemwamini wewe. Bila kujua, dalali wa Tandale amesimama jirani na kifungu cha 20 cha sheria ya Uswidi: karibu ukague, na usipokagua usije kulia.

Kwa hiyo siwezi kulidharau. Kila andiko kati ya haya lina mahali linapohifadhi ukweli: karatasi ya Japani kwenye mchoro, tangazo la Uswidi kwenye ungamo na kwenye bamba, tangazo la Dar kwa fundi. Ninalolilaumu ni andiko la nne, chotara, ambalo siku hizi huwafikia wanunuzi wa Stockholm na wa Dar es Salaam vilevile. Limechukua daraja kutoka Japani likauacha mchoro. Limechukua vivumishi vya dalali likamwacha fundi. Limechukua "inauzwa ilivyo" ya Mswidi likaliacha ungamo. "Daraja 4, hali nzuri sana, inauzwa ilivyo." Kila kipande kimenyofolewa kutoka kwenye utanzu uliokipa maana, na kilichobaki hakina mahali hata pamoja: hakuna mlango, hakuna kizingiti, hakuna upande wa kushoto wala wa kulia. Kifani ni andiko baya, na andiko baya la namna hii halitokei kwa bahati mbaya, kwa kuwa aliyeliandika alikuwa na karatasi yenye mchoro mezani kwake.

Ukitumiwa tangazo la namna hiyo, omba karatasi yenyewe ya mnada, picha yake nzima na si tafsiri yake, na uhakikishe namba ya chesisi iliyoandikwa hapo ndiyo iliyo kwenye gari. Omba picha za uvungu, kutoka mbele na kutoka nyuma. Kama gari limeshasajiliwa Uswidi, omba bamba. Muuzaji akikujibu kwamba daraja linatosha, mwambie halitoshi, na usitume hata krona moja ya kushikia gari mpaka mchoro uwe mbele yako.